Lori Likifika Garissa: Rekodi za Kushusha Mzigo

Katika mji wote wa Garissa hakuna mzigo unaoshuka haraka kuliko miraa. Imekatwa Meru, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye pikapu ambazo kasi yake huwatia hofu madereva wengine barabarani. Ina siku mbili hivi za kuuzika vizuri. Ikinyauka, bei inanyauka nayo. Kwa hiyo pikapu inaposimama, wauzaji, wengi wao wanawake, huwa wameshafika, kila mmoja anajua mabunda yake, na gari huwa tupu kabla injini haijapoa. Miraa ina kasi hiyo kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu wenye mali wamesimama pale pale wanaingoja. Mizigo mingine ya Kaskazini Mashariki haina bahati hiyo.

Linalojishusha lenyewe ni lori la maji. Katika ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, malori ya maji yalizunguka vijijini Garissa, Wajir na Mandera. Lita 10,000 ni tani 10 kamili, lakini ukishatumbukiza mpira kwenye birika la chini ya ardhi na kufungua bomba, hakuna mgongo unaohitajika.

Sasa twende kwenye duka la jumla, maana huko ndiko kazi iliko. Chukua trela lenye tani 28 za sukari katika mifuko ya kilo 50. Hiyo ni mifuko 560. Ukishusha mfuko mmoja kila sekunde 20 bila kusita, utamaliza baada ya saa 3 na dakika 7. Ukipunguza mwendo hadi nusu dakika kwa mfuko, ni saa 4 na dakika 40. Wabebaji wakiwa sita, kila mmoja atavuka mlango wa stoo zaidi ya mara 90 na kubeba zaidi ya tani nne na nusu kabla lori halijaondoka. Na hapo sijahesabu wale wanaobaki juu, wanaovuta mifuko kutoka mbele ya bodi na kuilaza kwenye mabega ya wenzao walio chini.

Huko Marekani, ambako mzigo umepangwa juu ya paleti na forkilifti inaingia moja kwa moja ndani ya trela, desturi ya wenye malori ni kumpa mwenye duka saa mbili. Zikipita, anaanza kudaiwa fidia ya kucheleweshwa. Mtu aliyezoea kipimo hicho angewaona mahamali wa Garissa wazembe. Angekosea. Timu inayoshusha mifuko 560 kwa mabega katika saa tatu, kwenye mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 35, inafanya kazi ambayo maghala mengi yenye mashine hayajawahi kumtaka binadamu aifanye. Ndiyo maana kazi huanza baada ya swala ya alfajiri, husimama adhuhuri, kisha hurudi jua likipoa. Mwezi wa Ramadhani sehemu kubwa huhamia usiku, baada ya tarawehe. Saa za ukutani zitaonyesha lori lilikaa siku nzima, lakini watu walioshusha hawakupoteza hata dakika.

Rekodi ya uzito ni ya gunia la mahindi. Kenya imezoea kuyauza kwa gunia la kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia letu limevuka hapo kwa kilo 35, na linabebwa na kijana anayelipwa kwa idadi ya magunia, ambaye akiumia kiuno kesho yake hana ujira. Mimi nasema wazi kwamba rekodi hii haifai kusifiwa na mtu yeyote. Furushi la unga lenye paketi 12 za kilo mbili mbili lina kilo 24 tu. Lori lake lina safari nyingi zaidi kutoka bodi hadi stoo, ila anayelishusha ataweza kuinama kufunga viatu akifika miaka 50.

Kwa wingi wa mzigo, hakuna pahali pa kushindana na Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini. Kambi zake za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai; kufikia mwisho wa mwaka huo wakimbizi walikuwa wanakaribia nusu milioni, na Dadaab ilikuwa ndiyo makazi makubwa kuliko yote ya wakimbizi duniani. Tukadirie watu 400,000 tu, na nusu kilo ya chakula kwa kila mtu kwa siku. Tunapata tani 200, yaani mifuko 4,000 ya kilo 50, matrela saba na zaidi, kila siku inayoamka, Ijumaa ikiwemo. Na kila mfuko uliinuliwa tena siku ya mgao, ukafunguliwa, ukapimwa, kisha mama akabeba fungu lake hadi kwenye hema. Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoleta Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikawa fedha za simu zinazotumika kwa wafanyabiashara walioteuliwa. Sehemu ya kazi ya kushusha ikatoka kwenye maghala makubwa ikaingia kwenye maduka madogo ya kambini, lori dogo kwa lori dogo.

Mzigo ulioshushwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote? Nadhani ni ule wa kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2019. Kina paneli 206,272 za wati 265 kila moja, jumla megawati 54.66, na kwa kiwango hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki na Kati. Paneli ya aina hiyo huwa na uzito wa kilo 18 hivi, na uso wake ni kioo. Nyepesi kuliko furushi la unga, lakini hapo ukitaka haraka utashusha vigae.

Rekodi ya kuchelewa ni ya mto Tana. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipofunika barabara kati ya Madogo na Garissa, mzigo wa Nairobi ulifika ng'ambo, mji ukiuona kwa macho, na usifike dukani. Watu walivuka kwa boti. Aprili 2024 maji yalirudi, na tarehe 28 boti ilizama kati ya Madogo na Garissa, watu wakafa. Lori likikwama namna hiyo, mwenye mali ana njia mbili tu: kungoja maji yapungue, au kushusha upande mmoja, kuvusha na kupakia tena upande wa pili. Mfuko mmoja unashushwa mara mbili kabla ya kuuona mlango wa stoo.

Nayo rekodi ya umbali ni ya Mandera, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, makao makuu ya kaunti yaliyo mbali kuliko yote nchini. Njiani kuna Modogashe, Wajir na Elwak, kuna vizuizi vya polisi, kuna mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Kumekuwa na vipindi vya kafyu pia: Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Saa zile za baridi, ambazo mahamali wangezipenda kuliko zote, zikaondolewa kwenye siku yao.

Barabara ya lami ya Isiolo hadi Mandera, inayojengwa kwa vipande, itapunguza siku za safari. Kwenye mlango wa stoo bado patahitajika jukwaa la saruji lenye kimo cha bodi ya lori na mkokoteni wa magurudumu manne, vitu viwili ambavyo mwenye duka la jumla anaweza kuvijenga bila kungoja serikali.