Bildi ya Sauti: Ufungaji wa Sona ya Ubavuni katika Chombo Kidogo cha Uvuvi

Hurlingham, mtaa ulio magharibi mwa kitovu cha jiji la Nairobi, hauna ziwa wala bahari. Hata hivyo, katika vituo vya afya vya mtaa huo, mama mjamzito humwona mwanawe kwenye skrini kwa nguvu ya sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo lake hutuma sauti na kupokea mwangwi, nao mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Kanuni iyo hiyo humwezesha mvuvi wa Ziwa Victoria au wa Lamu kuiona sakafu ya maji asiyoweza kuyapenya kwa macho. Makala haya yananuia kueleza namna kifaa hicho kinavyofungwa katika chombo kidogo, na kudhihirisha kuwa msamiati mwingi wa kazi hiyo umo tayari katika Kiswahili cha mabaharia.

Tangu jadi, mabaharia wa pwani walipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa ugweni na kuteremshwa hadi chini. Kina kilihesabiwa kwa pima. Bildi, hata hivyo, hueleza nukta moja tu. Sona ya ubavuni hutupa sauti kulia na kushoto mwa chombo kwa wakati mmoja. Kwa kuwa sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, mwangwi kutoka umbali wa mita 30 hurejea kwa sehemu 4 tu za 100 za sekunde. Chombo kinaposonga polepole, kila mwangwi huchora mstari mmoja, na mistari ikipangwa hutokea picha. Mwamba au kigogo hung'aa, na nyuma yake huonekana kivuli mahali ambapo sauti haikufika.

Kiungo kinachotuma na kupokea sauti huitwa transdusa, na ubora wa picha hutegemea ufungaji wake. Kwanza, transdusa iwe sambamba na mkuku. Usawa huo hupimwa kwa pimamaji chombo kikiwa majini na shehena yake ya kawaida, kwani mlalo wa chombo kilichopakiwa haufanani na wa chombo kilicho nchi kavu. Pili, ikifungwa tezini, iwe mbali na rafadha, maana mapovu hutawanya sauti. Ikifungwa ubavuni, ishuke chini ya mkuku, la sivyo tumbo la chombo litaziba upande mmoja.

Kwa kuwa mashua nyingi ndogo huvutwa hadi ufuoni, transdusa hufaa ifungwe kwenye bomba lenye bawaba, ili ipandishwe na kuteremshwa. Bomba liwe gumu lisitikisike, litiwe alama ili lirudi palepale kila mara, na kibano chake kiachie endapo litagonga mwamba. Fauka ya hayo, transdusa ikiwa nusu mita chini ya uso wa maji, nusu mita hiyo sharti iongezwe kwenye kina kinachosomwa.

Umuhimu wa usahihi huu hauishii kwenye samaki. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na mwanawe lilitumbukia kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha takriban mita 58. Katika kina na kiza cha aina hiyo, mpiga mbizi hawezi kutegemea macho, sharti aelekezwe. Transdusa iliyopinda humwelekeza mahali pasipo, na huku jamaa wangali wanangoja ufuoni.

Ifahamike kuwa, katika maelezo haya yote, sona na transdusa ndiyo maneno yaliyolazimu kukopwa upya. Bildi, pima, mkuku, tezi, rafadha na pimamaji yalikuwapo. Wahenga walisema kwamba uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanaistilahi naye, kabla ya kukopa, hana budi kurejea ngamani mwa lugha yake na kuangalia kilichohifadhiwa humo.