Neno "Bajeti" na Kalenda ya Mkulima wa Kahawa

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyopokelewa katika Kiswahili, neno "bajeti" limepata bahati ya pekee. Limo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, limo katika Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015, na limo vinywani mwa wauza nguo wa Bukoba na wavuvi wa visiwa vya Muleba. Hata hivyo, neno hili halina maana moja kila mahali, na tofauti hiyo si jambo la wanaisimu peke yao. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hilo, jinsi linavyotumika mkoani Kagera, na hasara inayoweza kumpata mkulima iwapo sehemu ya maana yake itasahauliwa.

ASILI YA NENO

Maneno yetu mengi ya fedha ni majina ya vitu vinavyoshikika. "Fedha" lenyewe limetoka katika Kiarabu, nalo ni jina la madini. "Hela" ni kumbukumbu ya sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, ambapo hela 100 zilikuwa sawa na rupia 1. Kabla ya sarafu hizo, watu wa falme za eneo la maziwa makuu walinunua na kulipa kwa simbi, yaani kauri.

"Bajeti" nalo lilianza kama jina la kitu. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao kwao lilikuwa na maana ya mkoba mdogo wa ngozi. Mwaka 1733 kijitabu kimoja kilimkejeli Robert Walpole, aliyeongoza serikali ya Uingereza wakati huo, kwa kumfananisha na mganga wa uongo anayefungua mkoba wake wa dawa mbele ya watu. Polepole jina la mkoba likawa jina la hesabu inayofunguliwa bungeni.

Hesabu hiyo ina sehemu tatu: mapato, matumizi na muda. Ibara ya 137 ya Katiba yetu inazitaja zote inapoagiza kwamba makadirio ya mapato na matumizi yawasilishwe Bungeni katika kila mwaka wa fedha. Sehemu moja ikiondolewa, kinachobaki si bajeti.

MATUMIZI YA NENO HILO MITAANI

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili limepungua uzito. Muuza nguo humwuliza mteja, "Bajeti yako shilingi ngapi?" akiwa na maana ya kiasi cha juu ambacho mteja yu tayari kulipa. Mtu asiye na fedha husema, "Sina bajeti." Mwenye kupunguza sukari katika chai husema kwamba "anabajeti." Katika mifano yote mitatu neno limebaki na fedha iliyopo mfukoni leo; mapato yajayo na muda vimetoweka.

Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika lugha zote, wala hayastahili kulaumiwa. Lakini kwa mwananchi ambaye mapato yake hayaji kila mwezi, kilichotoweka ndicho alichokihitaji zaidi.

KALENDA MBILI

Mtumishi wa mshahara hupata fedha mara 12 kwa mwaka. Mkulima wa kahawa wa Muleba huzipata hasa katika msimu wa mavuno, ambao huanza katikati ya mwaka. Mvuvi wa dagaa huongozwa na mwezi wa angani, wenye mzunguko wa siku 29 na nusu hivi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa taa hazina nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi hupumzika. Lakini chumvi, mafuta na sabuni hununuliwa wakati wote, na mahitaji ya shule huja Januari, fedha za kahawa zikiwa zimekwisha kupungua.

Pengo hili kati ya kalenda ya mapato na kalenda ya matumizi ndilo linaloipa nguvu "butura", yaani desturi ya kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini. Serikali imeipiga marufuku, lakini marufuku haizibi pengo. Tuseme mkulima anahitaji shilingi 50,000 mwezi Februari, naye anauza mtini kahawa ambayo mwezi Julai ingempatia shilingi 100,000. Kwa miezi 5 amelipa riba ya asilimia 100. Kwa kuwa buni za robusta huchukua takriban miezi 9 hadi 11 tangu kuchanua hadi kuiva, anayeuza maua hutumia leo mapato ya msimu ambao bado haujafika.

Liko pengo la pili, nalo limo ndani ya nyumba. Kwa desturi ya Buhaya kahawa ni zao la mume, na chakula cha kila siku ni jukumu la mke. Mume anajua mapato, mke anajua matumizi. Wasipokaa pamoja, kila mmoja ana nusu ya hesabu.

LA KUFANYA

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Si lazima mwaka wa kaya uanze Januari. Mkulima wa Kagera naye anaweza kuuanza siku anapolipwa kahawa. Akipata shilingi 1,200,000, kabla hajanunua chochote azigawe kwa miezi 12: ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kisha kila mwezi apunguze kidogo katika fungu hilo na kuweka akiba ya Januari. Mvuvi naye afanye hivyo kwa siku za mbalamwezi.

Inafaa basi mabwana shamba na viongozi wa vyama vya ushirika, wanapolitamka neno "bajeti" mikutanoni, waliambatanishe na maswali matatu: fedha zitatoka wapi, zitakwenda wapi, na zinapaswa kufika hadi lini? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linaloweza kuiacha kahawa mtini mpaka iive.