Je, Wajua? Kikohozi cha TB hukoma kabla ya ugonjwa kuisha

Mgonjwa wa kifua kikuu akianza dawa, mara nyingi ndani ya wiki chache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukauka na hamu ya kula hurudi. Hapo ndipo wengi huacha vidonge, na si kwa upuuzi: nafuu ipo, kliniki iko mbali, na dawa mojawapo, rifampisini, inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Lakini nafuu hiyo ni ya kufa kwa bakteria wanaozaliana kwa kasi. Wapo wengine waliozubaa, ambao dawa huwamaliza polepole, na hao ndio wanaorudisha ugonjwa. Kwa hiyo tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Muda huo haukukisiwa. Majaribio ya miaka ya 1970 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kuwa rifampisini ikiwemo, miezi 6 inatosha badala ya 18. Baadaye watafiti walipojaribu miezi 4, waliorudiwa na ugonjwa waliongezeka.

Mbona basi madaktari siku hizi wanafupisha dozi? Kweli, wanafupisha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 4 kwa watoto wenye TB isiyo kali. Lakini kilichofupisha ni utafiti, si mgonjwa kujisikia vizuri. Dawa zikikusumbua, mwone mhudumu kabla hujaziacha. Katika vituo vya serikali Kenya na Tanzania hutolewa bure.