Ugali Ukikwama, Utumbo Nao Uchunguzwe

Katika nyumba za Kawale, mjini Lilongwe, kama ilivyo pia katika kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambamo wengi wasemao Kiswahili wametoka Kongo na Burundi, chakula ni ugali, au nsima kama wenyeji waitavyo. Basi mtu aanzapo kuteremsha kila tonge kwa maji, jamaa zake hulitambua jambo hilo upesi. Huambiwa ale polepole. Baadaye hata uji humshinda, usiku hucheua chakula cha jioni, na mwili hupungua. Hapo wengine hunong'ona kwamba amelishwa sumu.

Malawi ni miongoni mwa nchi zenye saratani nyingi zaidi ya umio duniani. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kukaa nyumbani akijaribu mizizi; aende hospitali achunguzwe umio kwa mpira wenye taa.

Lakini si kila akwamwaye ana saratani. Yako maradhi yaitwayo akalasia, ambayo ni nadra. Mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya kuta za umio hufa, umio ukashindwa kusukuma chakula, na mlango wa tumbo ukakataa kulegea. Mara nyingi katika saratani vyakula vigumu ndivyo hukwama kwanza. Katika akalasia maji nayo huweza kukwama tangu mwanzo, na shida huendelea kwa miaka. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1674. Alimpa mgonjwa wake mfupa wa nyangumi uliofungwa sifongo nchani ili asukumie chakula. Upasuaji wa kuikata misuli ya mlango huo ulianzishwa na Ernst Heller wa Ujerumani mwaka 1913, na hadi leo unatumika.

Yapo, hata hivyo, yasiyoishia kooni. Mtandao wa mishipa ya fahamu ulio katika umio waendelea mpaka mwisho wa matumbo. Mtu asipokuwa amekula, utumbo mwembamba hupitisha wimbi la mikazo takriban kila dakika 90 hadi 120, mithili ya mama afagiaye ua baada ya wageni kuondoka. Wataalamu walipowapima wagonjwa wa akalasia kwa mipira myembamba ipimayo mkandamizo, waliwakuta baadhi yao wimbi hilo limevurugika au halipo kabisa. Mabaki yakikaa utumboni, vijidudu huzidi, tumbo likajaa gesi, pengine na kuhara.

Isidhaniwe kwamba kila mmoja wao huumwa tumbo. Wengi hawasikii lolote. Taabu ni kwa yule aliyekwisha kufunguliwa mlango, anameza vizuri, lakini tumbo lake bado hujaa. Huyo huambiwa analalamika bure, ama huuziwa dawa ya vidonda. Ilhali kisu kilichotibu mlango wa tumbo hakikuugusa utumbo.

Arudi kwa mganga, amweleze habari ya tumbo pamoja na ya koo, na akumbuke kutaja ni mara ngapi ahara na uzito uliopungua. Nyumbani apewe chakula kidogo mara nyingi, ale ameketi wima, naye asilale mara baada ya kula. Kwa mgonjwa wa Dzaleka, safari huanzia kituo cha afya cha kambini. Cheti cha upasuaji wa zamani asikiache nyumbani.