Kutu Juu ya Paa: Kwa Nini Matatu za Nyanda za Chai Huoza Mferejini

Mvua ya Kericho ina ratiba yake. Asubuhi jua huwaka juu ya majani chai, adhuhuri mawingu hujikusanya, na alasiri mbingu hufunguka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi, hupanda, hupoa, kisha hunyesha. Kwa mwaka mzima hupatikana takriban milimita 2,000, karibu mara mbili ya mvua ya Nairobi. Mvua hii ndiyo iliyozivuta kampuni kubwa za chai kuja hapa miaka ya 1920. Lakini kinachoufaa mchai kinaliumiza bati. Kwa matatu inayofanya safari kati ya Kericho na Bomet kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong, sehemu inayotangulia kuoza mara nyingi ni ule mfereji mwembamba unaopita juu ya madirisha, pembeni mwa paa.

Mfereji huo haukuwekwa kwa ajili ya pambo. Magari madogo yalianza kuuficha au kuuondoa miaka ya 1980, ila vani kama Toyota HiAce na Nissan Caravan zimebaki nao kwa sababu hapo ndipo bati la paa hukutana na bati la ubavuni. Kiwandani, kingo za mabati hayo mawili hulazwa pamoja na kuchomelewa kwa nukta nukta, kisha mshono hufunikwa kwa gundi nzito ya kuziba ambayo mafundi huiita sila. Bati lenyewe lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 hivi. Rangi yote iliyo juu yake, kuanzia praima hadi tabaka la kung'arisha, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo mfereji hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unaelekeza maji yasiwamwagikie abiria mlangoni, na unashikilia paa. Ukioza, paa hupoteza sehemu ya nguvu zake za kuwalinda watu gari linapopinduka.

Maji yanayokaa

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa chuma kitupu. Huchimbwa kikiwa kimeungana na oksijeni, na tanuri hutumia joto jingi kuvitenganisha. Kutu ni ndoa hiyo kurudiwa. Mahali fulani kwenye bati, atomi za chuma huachia elektroni na kuyeyukia majini. Mahali pengine kwenye bati hilohilo, elektroni hizo hupokewa na oksijeni na maji. Mazao ya pande hizo mbili yakikutana hufanya ule unga wa rangi ya hudhurungi. Bila maji ya kuunganisha pande hizo, shughuli yote husimama.

Mwanakemia Mwingereza Ulick Evans, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha jambo la ajabu katika miaka ya 1920. Alidondosha tone la maji ya chumvi juu ya chuma kisafi na kulitazama. Mtu angetarajia chuma kiliwe ukingoni mwa tone, ambako oksijeni ni nyingi. Kinyume chake, kililiwa katikati, ambako oksijeni ni haba. Ukingo wenye hewa ulikuwa unapokea elektroni tu, na katikati ndiko kulikokuwa kunazilipa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoendelea juu ya matatu. Sila ikishazeeka kwa jua na mtikisiko wa barabara za murramu, hupasuka. Ufa huo, hata uwe mwembamba kiasi cha kutoonekana, hunyonya maji na kuyaingiza katikati ya mabati mawili, mahali ambapo jua halifiki wala upepo haupiti. Ndani ya mshono oksijeni ni haba. Nje ya mshono ni tele. Basi bati huliwa kule ndani, mahali jicho halioni. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi mara sita. Inapovimba hutanua mshono, ufa huongezeka, maji mengi zaidi huingia. Unapoona rangi imefura kama malengelenge, ujue kazi imeendelea kwa miezi mingi.

Ndiyo maana wahandisi wanaochunguza kutu hawaridhiki na kupima milimita za mvua. Wao huhesabu saa ambazo chuma hukaa na unyevu. Kipimo kinachotumika kimataifa huhesabu saa zote ambazo unyevu wa hewa umepita asilimia 80 na halijoto iko juu ya sifuri. Mombasa ina adui wa chumvi ya bahari. Kericho haina chumvi hiyo, lakini ina saa nyingi za majimaji: mvua ya alasiri, usiku wa baridi, na umande. Usiku usio na mawingu paa la gari hupoteza joto kuelekea angani na kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Matokeo yake, paa hulowa umande kabla ya sehemu nyingine za gari, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Upande wa ndani nao hauko salama. Abiria kumi na wanne waliofunga madirisha kwa sababu ya mvua hutoa mvuke kwa pumzi zao, na mvuke huo hugeuka matone nyuma ya silingi, juu ya bati baridi.

Majani, mbolea na keria

Mfereji safi hukauka dakika chache baada ya jua kutoka. Mfereji uliojaa takataka hukaa na maji hadi mvua ya kesho. Nyanda za chai zina takataka za kutosha: vumbi jekundu la murramu, na majani ya mikalitusi ambayo mashamba makubwa huipanda kwa ajili ya kuni za kukaushia chai. Vikichanganyika hufanya tope linaloshikilia maji kwenye bati kama kitambaa cha kukanda jeraha. Mvua ya mawe, ambayo Kericho na Nandi zinajulikana kwayo ulimwenguni, huongeza mzigo, kwani barafu hurundikana mferejini na kuyeyuka polepole.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari hulisahau. Mbolea ya NPK inayotumika kwenye chai ina chumvi za amonia, ambazo huvuta unyevu hewani na kuharakisha kutu. Gunia likitoboka juu ya paa, chembe zake huteremka moja kwa moja hadi mferejini. Kwa kuwa Kericho haina chumvi ya bahari, hii ndiyo chumvi yake.

Halafu kuna keria, ile fremu ya kubebea mizigo juu ya paa. Miguu yake hubanwa kwenye ukingo wa mfereji kwa skrubu. Kila gunia la kabichi linapotupwa juu, vyuma husuguana, na rangi hukwanguka hadi bati jeupe. Chini ya kila mguu hubaki mfuko mdogo wa maji na tope. Ukiiondoa keria iliyokaa miaka kadhaa, mara nyingi utakuta alama za kutu zimepangana kwa umbali uleule wa miguu yake.

Gari lenyewe nalo huweza kufika likiwa na ugonjwa. Vani zetu nyingi zilitumika kwanza Japani. Zile zilizoishi kaskazini mwa nchi hiyo zimepita juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Sheria ya Kenya inayozuia kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane hupunguza hatari hiyo, ila haiiondoi. Mnunuzi apitishe sumaku ndogo kandokando ya mfereji: isiposhika, chini ya rangi kuna fila nene ya kujazia mashimo.

Chai ina dawa yake

Chukua msumari wenye kutu uutumbukize katika chai ya rangi iliyokolea. Baada ya muda chai itakuwa nyeusi. Viambato vya chai vinavyokausha ulimi, viitwavyo tanini, hushikana na chuma na kufanya kitu kipya cha rangi nyeusi, kisichoyeyuka upesi. Ni kemia ileile iliyotengeneza wino wa hati za Ulaya kwa karne nyingi.

Kemia hiyo ndiyo iliyomo katika baadhi ya dawa za kugeuza kutu zinazouzwa madukani. Huwa na tanini au asidi ya fosfori, au zote mbili. Tanini hugeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi tulivu. Asidi ya fosfori huigeuza kuwa fosfati ya chuma. Tanini si kitu kigeni katika nyanda za juu za Kenya. Miti ya muwati ilipandwa kwa wingi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa miaka mingi kampuni ya EATEC mjini Eldoret ilitoa tanini kutoka magome yake kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Watafiti wa nchi mbalimbali wamepima tanini ya muwati, na ile ya magome ya mikoko pia, wakaona kwamba inapunguza kasi ya kutu.

Hata hivyo, usimwage birika mferejini. Chai ya kunywa ina viambato hivyo kwa kiasi kidogo mno, na maji yake ni mengi. Hata dawa ya dukani hufanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana na bati tu. Kutu inayobanduka vipande lazima iondolewe kwanza.

Kutengeneza bila kujidanganya

Fundi wa bodi anayejua kazi huanza kwa kuondoa keria na kukwangua sila yote kuukuu, si pale palipopasuka tu. Kisha hugonga mfereji taratibu kwa ncha ya bisibisi. Bati zima hutoa mlio. Bati lililooza hutoboka. Baada ya hapo ni brashi ya waya na msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, mpaka bati ling'ae. Vishimo vidogo vinavyobaki vyeusi ndivyo vya kupakwa dawa ya kugeuza kutu. Mabaki ya asidi yasafishwe na kukaushwa kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kwa maana baadhi ya praima za epoksi hazishiki juu yake.

Kama kuna tundu, likatwe hadi kwenye bati zima na lizibwe kwa kipande chenye unene uleule. Fila si dawa ya tundu. Ina unga unaonyonya maji, na ikipakwa juu ya kutu huificha kwa msimu mmoja tu. Uchomeleaji ufanywe kwa nukta fupifupi zilizoachana, ili bati jembamba lisipinde kwa joto. Kabla ya moto wowote, silingi ishushwe na betri ikatwe, kwa sababu sponji na vitambaa vya paani hushika moto haraka.

Mpangilio wa tabaka nao una sheria. Praima ya epoksi hutangulia, kisha sila ya poliyurethani juu yake, na rangi humalizia. Silikoni ya kuzibia madirisha ya nyumba haifai. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na kulichokoza bati, na rangi haishiki juu ya silikoni yoyote. Sila ipakwe kwa mteremko unaoelekea kwenye ncha za mfereji, na ncha hizo zibaki wazi. Fundi anayeziba ncha ili kazi ionekane nadhifu ametengeneza bwawa. Mwisho, nta ya kioevu inyunyiziwe upande wa ndani, kwa sababu moto wa kuchomelea umeunguza kinga yote ya huko.

Wakati wa kupaka rangi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Huku Kericho, gari lililolala nje huamka limelowa, na mvua hurudi alasiri. Nafasi salama ni kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na miezi bora ni Januari na Februari, mvua inapopungua. Rangi iliyopakwa juu ya umande imefungia maji ndani kwa mkono wa fundi mwenyewe.

Kinga

Kinga haihitaji mashine. Kila juma, gari linapooshwa, makanga apande na kuusafisha mfereji kwa brashi laini na maji, mpaka maji yatoke huru kwenye ncha zote. Gari lililobeba mbolea lioshwe paa siku hiyohiyo. Chini ya kila mguu wa keria kuwekwe kipande cha mpira, na keria ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka ili bati la chini likaguliwe na kupakwa rangi palipokwanguka. Usiku, gari liegeshwe likiwa limeinama kidogo mbele au nyuma, ili maji yasituame. Michirizi ya hudhurungi ubavuni baada ya mvua, silingi yenye madoa, au harufu ya uvundo asubuhi ni dalili za kuchukua hatua wiki hiyo.

Utafiti wa shirika la wahandisi wa kutu, NACE, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kwamba kutu huugharimu ulimwengu dola trilioni 2.5 kwa mwaka, na kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya gharama hiyo ingeweza kuepukwa kwa mbinu ambazo tayari zinajulikana. Mfereji wa matatu ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, lakini mbinu zake ndizo hizo: safisha, ziba, acha pakauke. Sacco za Kericho na Bomet tayari hupeleka magari yao kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Ziongeze ukaguzi wao wenyewe wa mifereji kila Januari, kabla ya masika. Mwenye gari atakayelipia sila na praima mwezi huo hatalipia paa jipya miaka michache baadaye.