Mzazi Anapopotewa na Akili Uzeeni



Katika Surat An-Nahl, aya ya 70, Mwenyezi Mungu (SW) anatujulisha kuwa miongoni mwa waja Wake wamo watakaorejeshwa kwenye umri dhalili, hata wasijue kitu baada ya kuwa wajuzi. Naye Mtume (SAW) alikuwa akiomba kinga asirudishwe kwenye umri huo, kama alivyopokea Imamu Bukhari. Ikiwa mbora wa viumbe aliliombea kinga jambo hili, familia haina sababu ya kuona haya linapowabishia hodi.

Hata hivyo haya ipo. Mzee anauliza swali lile lile mara kumi, anapotea njia akitoka msikiti alioswali miaka 40, anamwita bintiye kwa jina la dada yake marehemu. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa, au analipwa aliyoyatenda. Huko ni kumdhulumu. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia. Aina iliyo mashuhuri zaidi ilielezwa mwaka 1906 na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia. Shinikizo la damu, kisukari na sigara huongeza hatari yake. Lakini si kila usahaulifu wa mzee ndio huo: huenda ni upungufu wa vitamini au ugonjwa wa tezi, na hayo yanatibika. Basi apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga.

Sheria yasemaje? Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyelala, kwa mtoto na kwa asiye na akili. Mzee wa namna hii anaingia humo, basi asikemewe kwa kuswali rakaa sita. Akili ikimrudia, swala ya wakati ule itamlazimu. Saumu haimlazimu, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, wanayoyafuata wengi wetu, hana hata fidya. Fidya ni ya mzee dhaifu mwenye akili timamu.

Mtihani mkubwa uko kwenye mali. Surat Al-Baqara, aya ya 282, inaamrisha kuwa mdaiwa asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Hati ya nyumba iliyotiwa dole gumba na mzee asiyejua leo ni siku gani haimpi mtoto haki yoyote mbele ya Allah, hata kama ofisi imeipokea. Hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Mali ni yake: atalishwa, atatibiwa na kulipiwa mtu wa kumwogesha kutokana nayo, kwa hesabu ambayo ndugu wote wanaiona. Hata zaka, ikitimiza nisabu na mwaka, msimamizi ataitoa. Wengi hulisahau hili.

Nasi tulio katika miaka ya hamsini, tungali na akili zetu, tuandike sasa madeni yetu, amana za watu, hati zilipo, na tunayemwamini awe msimamizi. Wasia kwa asiye mrithi usizidi theluthi, na wawepo mashahidi wawili waadilifu waliotusikia tukisema kwa ndimi zetu.