Kutumia majani ya chai haitoshi

Wandugu wanafunzi, leo tuongee kuhusu chembe za nano. Nanometa 1 ni mita 1 ukiigawa mara bilioni 1.

Niko nafundisha uhandisi wa mazingira, na mfano wangu darasani ni chujio la udongo la maji ya kunywa, lile linalopakwa chembe za nano za fedha (madini, hapana franga!). Chembe zile zinatoa ioni polepole. Ioni njo zinaua bakteria.

Mara nyingi zinatengenezwa kwa nitrati ya fedha na borohidridi ya sodiamu, ambayo ni sumu. Lakini maji ya majani ya chai pia yanaweza kufanya kazi ya borohidridi. Wanafunzi wakisikia vile wanafurahi: «Basi, imeisha, ni salama!» Hapana, bado. Chai inasafisha namna ya kutengeneza tu. Fedha inabaki fedha. Ikifika mtoni, inaweza kuua mwani na bakteria wenye faida.

Juu ya ile, mbele ya kuingia labo naomba majibu matatu: Inatengenezwa na nini? Itashikwa namna gani isitoke? Chujio likichoka, litatupwa wapi? Swali la pili tayari linabadilisha mpango: fedha ikichanganywa na udongo mbele ya kuchoma, inaweza kutoka kidogo zaidi kuliko ile ya kupakwa juu.

Nyinyi muko naandika TFC, mradi wenu unajibu maswali mangapi?